STAR TREK: NYOTA UHURA ATARUDI SINEMA AU NDO BASI TENA?

Haya wadau, samahanini kwa kimya cha wiki mbili. Si mnajua tena mambo ya chuo, majaribio yamefuatana kama mvua za masika na boom lenyewe limeshaota mbawa. Ila leo acheni nitoe dukuduku langu.

Juzi kwenye semina ya historia kila mtu aliambiwa apendekeze mada. Wenzangu wakaja na Maji Maji, wengine reli ya kati, wengine biashara ya pembe za ndovu. Mimi nikasimama nikasema nataka kuandika juu ya filamu za Star Trek, zilikotoka na zinakoelekea. Darasa zima kicheko. Mwalimu akanitazama juu ya miwani: "Hiyo ni historia au ni starehe?" Nikabaki mdomo wazi. Jibu lilinijia usiku bwenini, semina imeshapita, kwa hiyo nalileta hapa.

Tuanze na jina. Kwenye chombo cha anga kiitwacho Enterprise, afisa wa mawasiliano anaitwa Uhura. Mshikaji wangu wa chumba kimoja, mtu wa uhandisi, alipoliona kwenye kioo cha kompyuta yangu akasema, "Hawa si wamekosea herufi?" Hawakukosea. Nichelle Nichols, mwigizaji mweusi wa Marekani, alisimulia kwamba siku ya usaili alikuwa amebeba riwaya ya Robert Ruark iitwayo Uhuru, inayohusu Kenya. Gene Roddenberry, aliyeibuni tamthilia hiyo, akalipenda neno, wakabadilisha irabu ya mwisho ili lisikike kike. Sisi hatugeuzi majina kuwa ya kike kwa kubadili irabu, lakini tuwasamehe, ilikuwa 1966. Tanganyika ilikuwa haijatimiza miaka mitano ya kujitawala na Kenya haijafikisha mitatu, na tayari neno letu limepewa kiti kwenye chombo cha karne ya 23! Kuna hata kipindi cha 1967 ambacho mashine inamfuta Uhura kumbukumbu zote, na anapofundishwa upya kusoma Kiingereza anakasirika na kuropoka Kiswahili. Lafudhi yake ni ya kuokoteza, mshikaji alicheka mpaka akakohoa. Mimi sikucheka sana.

Nichols mwenyewe alitaka kuacha baada ya msimu wa kwanza. Kwa maelezo yake, aliyemzuia ni Martin Luther King, aliyemwambia kwamba kiti kile ni kikubwa kuliko yeye alivyodhani. Akabaki. Kuanzia 1977 akawa anafanya kazi na NASA kuwatafuta wanawake na watu weusi waombe kuwa wanaanga. Sasa niambieni, hiyo ni starehe tu?

Turudi kwenye filamu zenyewe. Cha kukumbuka ni kwamba hizi filamu ni mtoto wa televisheni, tena televisheni iliyofukuzwa kazi. Star Trek ilianza Septemba 1966 kwenye NBC (sio benki jamani, kituo cha televisheni). Mashabiki walimwaga barua kuiokoa isifutwe, ikapewa msimu wa tatu, lakini ikasukumwa Ijumaa saa nne usiku, wakati vijana wote wako matembezini. 1969 ikafutwa, vipindi 79. Hapo ilitakiwa iwe imekufa. Kumbe marudio yaliyouzwa kwa vituo vidogo vidogo miaka ya 1970 ndiyo yaliyoikuza, watu wakaiangalia jioni baada ya jioni mpaka wakaijua kwa moyo. 1976 mashabiki haohao waliandika barua nyingi kiasi kwamba chombo cha kwanza cha majaribio cha mradi wa shuttle wa NASA kikabadilishwa jina na kuitwa Enterprise.

Studio ya Paramount ikanusa pesa. Kwanza ilipanga kuirudisha kwenye televisheni, 1977, kazi ikaanza. Mwaka huohuo ikatoka Star Wars, na watu wa Hollywood wakachanganyikiwa, kila mtu anataka vyombo vya anga kwenye kioo kikubwa. Ule mpango wa televisheni ukageuzwa filamu, ikatoka Desemba 1979 chini ya mwongozaji Robert Wise. Iligharimu kama dola milioni 44, pesa za kutisha kwa wakati ule, na ikaingiza kama milioni 139 duniani. Ililipa, lakini watu walitoka ukumbini wanapiga miayo. Nimeiangalia mara mbili, na ile sehemu ya Kirk kukizunguka chombo chake akikikodolea macho inaweza kukutosha kwenda kantini, kula chapati mbili na kurudi.

Hapa sasa ndipo penye utamu. Filamu ya pili, The Wrath of Khan ya 1982, ilikabidhiwa Harve Bennett, mtu wa televisheni, kwa bajeti ya kama dola milioni 12. Yaani karibu robo tu ya ile ya kwanza! Bennett akakaa chini kuangalia vipindi vya zamani, akakuta kimoja cha 1967 chenye adui aitwaye Khan, aliyeigizwa na Ricardo Montalbán. Akamrudisha mtu yuleyule, kazeeka na kinyongo chake. Mwongozaji Nicholas Meyer na wenzake wakabana kila senti. Daraja la chombo cha Khan ni lilelile la Enterprise lililopangwa upya. Picha kadhaa za vyombo vikipita angani zilichukuliwa kutoka filamu ya kwanza. Na Kirk na Khan hawakutani uso kwa uso hata mara moja, wanatukanana kwa mawasiliano tu mwanzo mpaka mwisho. Kwa nini inakufanya usimame kwenye kiti? Kwa sababu pesa ilipopungua, kilichobaki ni mzee anayeogopa uzee, rafiki anayekufa, na madeni ya zamani. Vitu ambavyo televisheni ilikuwa imewaandalia watazamaji kwa miaka 15. Ikaingiza zaidi ya dola milioni 90.

Kwangu mimi historia yote ya filamu hizi iko hapo. Zilizofuata sitazimaliza moja moja. Leonard Nimoy, Spock mwenyewe, aliongoza mbili, na ile ya 1986 ya nyangumi ilipendwa hata na wasiojua Star Trek ni mnyama gani. Ya 1989 tuiache ipumzike kwa amani. Kikosi cha zamani kiliaga 1991, mwaka aliokufa Roddenberry. Kikaja kikosi cha pili, kilichoiva kwenye tamthilia ya Next Generation kuanzia 1987 mpaka 1994, kikapewa filamu nne. Ya mwisho, Nemesis ya Desemba 2002, ilitoka siku chache kabla ya The Two Towers ya Lord of the Rings. Ikapigwa kama ngoma: gharama milioni 60, mapato duniani milioni 67. Na ukumbuke majumba ya sinema yanakata chao na matangazo yana bei yake, kwa hiyo hiyo ni hasara. 2005 hata tamthilia iliyokuwepo ikafutwa.

Halafu likatokea jambo ambalo watu hawalisemi sana. Mwisho wa 2005 kampuni mama, Viacom, iligawanywa. Star Trek ya televisheni ikaenda CBS, ya filamu ikabaki Paramount. Ni kama wazazi wameachana, mtoto Jumatatu yuko kwa baba, Alhamisi kwa mama, na hakuna anayemuuliza amekula nini. J.J. Abrams akatengeneza filamu ya 2009 bila tamthilia yoyote mpya nyuma yake, na waigizaji wapya wakivaa majina ya zamani. Ilikuwa nzuri, sibishi, na mimi niliingilia mlango huohuo. Humo ndimo Uhura, sasa Zoe Saldaña, aliitwa Nyota kwa mara ya kwanza kwenye kioo. Nyota Uhura! Jina lote la kwetu.

Lakini bajeti ilikuwa kama milioni 150, ya 2013 ikapanda mpaka 190, na Beyond ya 2016 ikagharimu kama 185 ikarudisha 343 duniani kote, karibu nusu yake kutoka Marekani na Kanada peke yake. Huko nje watu hawana kumbukumbu za marudio ya miaka ya 1970. Kwenye kibanda cha video cha mtaani kwetu nilimwona Rambo mpaka nikamchoka, Spock sikumwona hata siku moja. Ukiweka pesa za namna hiyo unahitaji dunia nzima, na dunia nzima ilikuwa haijalelewa na hii kitu.

Tangu hapo ni ahadi juu ya ahadi. Filamu ya nne ilitangazwa 2016, mazungumzo ya malipo na waigizaji yakavunjika 2018. Quentin Tarantino akatajwa, akapita. Noah Hawley akatajwa, akapita. Matt Shakman akapewa, filamu ikapangiwa Desemba 2023, 2022 akaondoka. Mwisho wa 2025 zikaja habari kwamba studio, ambayo Agosti mwaka huo iliungana na Skydance, imeachana na kikosi cha 2009 na kuwapa kazi Jonathan Goldstein na John Francis Daley waanze hadithi mpya kabisa.

Wakati huo wote, nani alikuwa analea? Televisheni tena. Kuanzia 2017 zimetoka tamthilia kadhaa, na moja, Strange New Worlds ya 2022, ilifanya kile ambacho filamu tatu hazikufanya: ilimpa Nyota Uhura kwao. Ni kadeti mwanafunzi, anatoka Kenya, wazazi wamekufa kwa ajali, anajua lugha 37 na hana uhakika kama anataka kazi hii. Nilipoona hivyo nilisimamisha video. Mwanafunzi asiye na uhakika na kozi yake! Celia Rose Gooding anaigiza vizuri, na mwaka huohuo wa 2022, Julai, Nichelle Nichols akafariki.

Sasa tatizo ndo hili. 2025 ilitangazwa kwamba Strange New Worlds itaishia msimu wa tano, tena wenye vipindi sita tu. Kwa hiyo Saldaña hayupo kwenye mpango wa sinema, na nyumba ya Gooding imeshapangiwa siku ya kufungwa. Tangu 1966 ni mara chache Nyota amekosa mlango wa kurudia.

Mimi ningepewa kiti cha studio (boom lingetosha kwanza nauli) ningefanya alichofanya Bennett. Toa filamu ya milioni 50 au 60, watu kumi ndani ya chombo kimoja, ugomvi wa kweli kati yao, na watoe kwenye televisheni wale ambao watazamaji tayari wanawajua. Wakubwa wanaogopa kwamba filamu ndogo itaonekana ya kimaskini. Nadhani wanachoogopa zaidi ni kukiri kwamba wale wa kioo kidogo ndio waliokuwa wanaijua kazi.

Asubuhi hii nilimpitia mwalimu ofisini nikamweleza yote haya, kuanzia barua za mashabiki mpaka Viacom. Alisikiliza, akasema niandike kurasa kumi, nianzie kwenye jina la Uhura, nisimtaje mshikaji wangu. Akaniuliza pia kama hiyo ya Khan ninayo kwenye flashi.

Kesho namtolea kopi. Tuonane wiki ijayo wadau, umeme ukiwepo.