Mshitu na Chuo cha Wachawi

Hadithi za vijana zinazosimulia chuo cha wachawi zimepata wasomaji wengi duniani. Ursula Le Guin wa Marekani alikijenga chuo chake kisiwani katika kitabu cha mwaka 1968, J. K. Rowling wa Uingereza akakijenga chake ndani ya ngome katika kitabu kilichotoka mwaka 1997. Mtoto huondolewa kwao, huvushwa mpaka usiovukwa na kila mtu, hufundishwa maneno yasiyosemwa ovyo, hujaribiwa, kisha hurudi akiwa si yule aliyekwenda. Mzee wa Shighatini, katika milima ya Upare wa Kaskazini, kama angalisomewa habari hiyo katika zama za babu zake, asingaliona ugeni mkubwa ndani yake. Jambo moja tu lingalimshangaza: kwamba wanafunzi hao huitwa wachawi.

Chuo cha Wapare kilikuwa mshitu. Neno hilo ni ndugu wa msitu wa Kiswahili, lakini kwa Wapare lilitaja pahali pamoja na mafunzo yaliyofanyika hapo. Vijana wa kiume waliingizwa msituni chini ya wazee, wakakaa humo mbali na mama zao, wakifundishwa nyimbo, mafumbo, mila za ukoo na uvumilivu wa maumivu. Asiyepitia mshitu hakuhesabiwa kuwa mtu mzima, na aliyepitia alifungwa na siri asiyoweza kumwambia asiyeingia.

Isaria Kimambo, mwanahistoria aliye Mpare, alikusanya masimulizi ya wazee na kuyachapisha mwaka 1969 katika historia ya siasa ya Wapare. Kwa maelezo yake, Ugweno ilitawaliwa zamani na Washana, ukoo wa wahunzi, hata Wasuya walipowapindua, yapata karne ya 16, wakiongozwa na Angovi. Mwanawe, Mranga, ndiye aliyeutia mshitu katika mikono ya utawala. Hili si neno dogo. Kijana wa ukoo wowote aliyeingia msituni alitoka akiwa raia wa nchi moja, amelala ardhi moja na wenzake na kuapa kiapo kimoja. Mtawala aliyeyashika mafunzo hakuhitaji askari wengi.

Hapa ndipo mshitu unapoachana na uchawi. Mchawi, kwa itikadi ya Wapare kama ya jirani zao wengi, hutenda peke yake, usiku, dhidi ya watu wa karibu naye. Hana rika wala wazee wa kumtahini, na hakuna kijiji kinachompelekea chakula kwa ridhaa. Chuo ni kazi ya jamii; uchawi ni kuikimbia jamii. Siri ya mshitu, tena, ilijulikana na watu wote kuwa ipo, hata na wale waliokatazwa kuijua.

Tofauti hiyo haikuonekana upesi na wageni. Misioni ya Kilutheri ya Leipzig ilifungua kituo Shighatini mwaka 1900, na Waadventista wakafika Upare mwaka 1903. Vitabu viwili vya Kijerumani vikatoka katika kazi hizo: cha Jakob Dannholz, aliyekaa Mbaga kusini, mwaka 1916, na cha Ernst Kotz, Mwadventista, mwaka 1922. Vyote viwili vimejaa habari zenye thamani. Lakini vichwa vyao vinaanza kwa neno moja lenye maana ya kutekwa, nalo Wajerumani hulitumia pia kwa mtu aliyerogwa: kwa Dannholz Wapare wametekwa na imani ya mizimu, kwa Kotz wametekwa na hofu. Msomaji wa Ulaya alikwisha kuhukumu kabla ya kufunua ukurasa wa kwanza.

Ajabu ni kwamba shule ya misioni nayo ilikuwa na sura ya mshitu. Ilimtenga mtoto na nyumba yake, ikamfundisha nyimbo ngeni, ikamjaribu, na kwa ubatizo ikampa jina jipya. Hata maandishi, kwa asiyejua kusoma, ni siri. Mmisionari mmoja wa Leipzig aliutambua udugu huo: Bruno Gutmann, katika Kilimanjaro jirani. Aliyaandika mafundisho ya jando la Wachaga katika majuzuu matatu yaliyotoka kati ya 1932 na 1938, yakiwemo yale yaliyofundishwa kwa fimbo iliyochanjwa alama, ambayo yaweza kuitwa kitabu cha mti. Mshitu wa Upare haukupata mwandishi wa subira kama hiyo, na mengi yalikwenda kaburini pamoja na walimu wake.

Serikali ya Kiingereza ilitoa Sheria ya Uchawi ya Tanganyika mwaka 1928. Mahakama ilipaswa kupima uchawi kwa maneno ya kitabu cha sheria, wakati watu waliupima kwa nia ya mtendaji. Dawa ileile huponya mkononi mwa mganga na huua mkononi mwa mwingine. Nje ya mahakama lawama ilisambaa bila kipimo. Evelyn Waugh, msafiri aliyepita Pemba kwa siku chache, aliandika mwaka 1931 juu ya uvumi kwamba wanafunzi wa uchawi hufika huko kutoka Maziwa Makuu, na hata Haiti. Vyuo vilivyojaa Pemba vilikuwa vya Kurani.

Katika miaka ya 1990 watafiti walioichunguza misitu ya jadi ya Upare wa Kaskazini walikuta vipande vingi vidogo vya miti ya asili kati ya migomba na mashamba. Vingine ni mpungi, pahali pa matambiko ya ukoo. Vingine ni mshitu. Vimesalia kwa sababu kwa vizazi vingi hakuna aliyethubutu kukata mti humo.