Mpaka wa Eight Mile: Historia ya Kufilisika kwa Jiji la Detroit

Jiji la Detroit, katika jimbo la Michigan kaskazini mwa Marekani, lina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 360, na mipaka yake haijapanuka tangu mwaka 1926, lilipotwaa kwa mara ya mwisho maeneo ya jirani na kuyaweka chini ya halmashauri yake. Jambo hilo la kiutawala, ambalo katika masimulizi mengi ya anguko la jiji hutajwa kwa kupita tu, ndilo linalostahili kutangulizwa. Tarehe 18 Julai 2013 Detroit ilikiri mahakamani kwamba haiwezi kulipa madeni ya takriban dola bilioni 18, na kesi hiyo ikawa kubwa kuliko zote za kufilisika kwa serikali ya mji katika historia ya Marekani. Deni hilo halikutokana na ubadhirifu peke yake. Kwa sehemu kubwa lilikuwa mzigo wa jiji lililojengwa kwa ajili ya watu milioni moja na laki nane, ambao sasa ulikuwa mabegani mwa wakazi wasiofika laki saba na nusu, huku walioondoka, pamoja na viwanda, maduka na mishahara yao, wakiwa wamevuka mstari ambao ndani yake tu halmashauri iliweza kutoza kodi ya majengo. Upande wa kaskazini mstari huo ni barabara pana iitwayo Eight Mile.

Mwaka 1900 Detroit ilikuwa na wakazi wasiozidi 286,000, na kufikia sensa ya 1930 walikuwa 1,568,662, ongezeko ambalo miji michache duniani ilikuwa imewahi kulishuhudia ndani ya kizazi kimoja. Kilichowavuta ni magari. Henry Ford, aliyeanzisha kampuni yake mwaka 1903, alifungua kiwanda cha Highland Park mwaka 1910, na mwaka 1913 akaanza kutumia humo mkanda wa kuunganishia, yaani mtambo unaolisogeza gari kutoka kwa fundi mmoja hadi mwingine, kila mmoja akifunga kipande chake tu pasipo kuondoka mahali pake. Na mwezi Januari 1914 alitangaza ujira wa dola 5 kwa siku, karibu maradufu ya uliokuwa ukilipwa. Walikuja Wapoland, Waitaliano, Wahungaria na watu wa Shamu, na pamoja nao maelfu ya Wamarekani weusi waliokuwa wakiyakimbia mateso na ufukara wa majimbo ya kusini. Hata hivyo Highland Park, kilipokuwa kiwanda hicho, ilijitangaza kuwa mji kamili mwaka 1918, na Hamtramck, kilipokuwa kiwanda kikuu cha ndugu wa Dodge, ikafanya vivyo hivyo mwaka 1922, ingawa yote miwili ilikuwa ikielekea kuzungukwa kabisa na Detroit. Na kiwanda kikubwa zaidi cha Ford, kile cha mto Rouge, kilijengwa Dearborn, nje ya mpaka wa magharibi. Kwa hiyo hata katika miaka ya neema, sehemu kubwa ya mali iliyolipa jiji umaarufu wake ilikuwa ikilipa kodi kwa halmashauri nyingine, ilhali Detroit ilibeba gharama za barabara, shule, hospitali na polisi kwa ajili ya wafanyakazi wengi waliolala kwake.

Udhaifu huo ulijitokeza mapema. Mdororo Mkuu wa uchumi ulipofunga viwanda, meya Frank Murphy alijitahidi kuwalisha wasio na kazi kwa fedha ambazo hazina haikuwa nazo, na mwaka 1933, mwaka ambao benki zote za Michigan zilifungwa kwa amri ya gavana, jiji lilishindwa kulipa hatifungani zake, yaani hati ambazo mtoaji huahidi kumrudishia mkopeshaji fedha zake pamoja na riba katika tarehe iliyowekwa. Kutokana na matatizo ya miji mingi ya wakati huo, Bunge la Marekani lilitunga sheria ya kuiruhusu miji kuomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai, sheria iliyobatilishwa na Mahakama Kuu ya nchi mwaka 1936 na kutungwa upya mwaka uliofuata, na ambayo leo hujulikana kama Sura ya 9. Vita Kuu ya Pili ya Dunia iliinusuru Detroit, kwa maana viwanda vya magari viligeuzwa kuwa vya vifaru, injini na ndege.

Mpaka wa jiji usingekuwa na madhara makubwa kiasi hicho kama kila mkazi angekuwa na uhuru wa kuuvuka. Watu weusi hawakuwa na uhuru huo. Walisongamanishwa katika mitaa ya mashariki, hasa Black Bottom na Paradise Valley, ambako licha ya nyumba mbovu na kodi za juu walijenga biashara, makanisa na kumbi za muziki kandokando ya mtaa wa Hastings. Kuanzia miaka ya 1930 serikali ya shirikisho iliweka dhamana kwa mikopo ya nyumba, hatua iliyowawezesha wafanyakazi wa kawaida kumiliki makazi, lakini maofisa wake waliihesabu mitaa ya watu weusi, na hata ile iliyopakana nayo, kuwa isiyofaa kukopeshwa. Mwaka 1941 mjenzi mmoja aliyetaka dhamana hiyo kwa ajili ya nyumba za wazungu karibu na Eight Mile alijenga ukuta wa zege wenye urefu wa karibu mita 800 kuwatenga na majirani weusi, na mkopo ukatolewa. Ukuta huo bado umesimama, nao unathibitisha kwamba utengano wa Detroit haukuwa tabia ya wakazi peke yao. Uliwekewa masharti na kugharamiwa na dola. Hata baada ya Mahakama Kuu kuamua mwaka 1948, katika mashauri yaliyojumuisha lile la familia ya McGhee ya Detroit, kwamba mahakama haziwezi kutekeleza mikataba inayokataza kumuuzia mtu mweusi nyumba, benki, madalali na vikundi vya wenye nyumba waliendelea kuulinda mstari kwa njia zao. Kisha ikaja mipango ya kuujenga mji upya: Black Bottom ikavunjwa, na mtaa wa Hastings ukafukiwa chini ya barabara kuu ya mwendo wa kasi iliyopewa jina la Chrysler, bila ya wengi wa waliohamishwa kupewa mahali pa kwenda. Barabara hizo hizo ndizo zilizomrahisishia mzungu wa tabaka la kati kuishi nje ya jiji na kuja kufanya kazi mjini.

Viwanda vilitangulia. Kati ya 1947 na 1963 Detroit ilipoteza nafasi za kazi za viwandani zipatazo 134,000, kabla ya gari la Japani kuwa tishio na kabla ya bei ya mafuta kupanda mwaka 1973. Teknolojia mpya ilidai majengo ya ghorofa moja yenye eneo kubwa, ambalo lilipatikana mashambani na si katikati ya mji. Nazo kampuni zilitaka pia kujiepusha na nguvu za vyama vya wafanyakazi. Packard, iliyokuwa na kiwanda chake upande wa mashariki tangu 1903, iliacha kuunda magari Detroit mwaka 1956. Maduka yakafuata wateja. Kampuni ya Hudson, iliyokuwa na mojawapo ya maduka makubwa kuliko yote nchini katika barabara ya Woodward, ilifungua kituo kikubwa cha biashara cha Northland huko Southfield, ng'ambo ya Eight Mile, mwaka 1954, na mwaka 1983 ikalifunga kabisa lile la mjini. Sensa ya 1950 ilihesabu wakazi 1,849,568 na ile ya 1960 ikahesabu 1,670,144, upungufu wa karibu watu 180,000 katika muongo ambao bado husifiwa kuwa wa ustawi.

Tarakimu hizo ni za lazima kwa sababu imezoeleka kudai kwamba Detroit iliangushwa na ghasia za Julai 1967, zilizoanzia mtaa wa 12 baada ya polisi kuvamia kilabu cha pombe kisicho na leseni, na ambamo watu 43 waliuawa. Ghasia hizo ziliharakisha mkondo uliokuwa ukienda tayari, na madai kwamba ndizo chanzo yanawatwika wakazi weusi lawama isiyo yao. Coleman Young, mtu mweusi wa kwanza kuchaguliwa kuwa meya wa Detroit, alipoapishwa Januari 1974, alikabidhiwa jiji ambalo walipa kodi wake walikuwa wamekwisha kuondoka kwa malaki. Mwaka huo huo, katika shauri la Milliken dhidi ya Bradley, Mahakama Kuu iliamua kwa kura 5 dhidi ya 4 kwamba viunga, yaani miji midogo inayoizunguka Detroit, haviwezi kulazimishwa kushiriki mpango wa kuchanganya wanafunzi ikiwa havikuthibitika vyenyewe kuhusika na ubaguzi. Hakuna uamuzi mwingine ulioupa mpaka wa jiji nguvu kubwa kuliko huo, kwani mzazi aliyehama sasa alihakikishiwa kwamba shule haitamfuata.

Kuanzia hapo hesabu za jiji zilikuwa za kuziba pengo moja kwa kufungua jingine. Kodi ya mapato, iliyoanzishwa mwaka 1962, ilipandishwa mwaka 1981 hadi asilimia 3 kwa wakazi. Kodi ya majengo, ambayo hutozwa kwa kufuata thamani ya nyumba na ardhi, ilikuwa miongoni mwa za juu kabisa katika miji mikubwa ya nchi, na kwa kuwa ilikuwa ya juu iliwafukuza wenye uwezo wa kuilipa. Mwaka huo wa 1981 Young alikubali kuubomoa mtaa wa Poletown, zaidi ya nyumba elfu moja pamoja na makanisa yake, ili General Motors ijenge kiwanda ndani ya eneo ambalo jiji lingepata kodi. Ni vigumu kusoma habari za wazee waliotolewa humo bila uchungu, na ni vigumu vilevile kusema meya angefanya nini kingine.

Mwaka 2005, chini ya meya Kwame Kilpatrick, ambaye baadaye alifungwa kwa makosa ya rushwa, jiji lilitafuta fedha za kujazia mifuko ya pensheni. Kwa kuwa sheria ya jimbo iliweka kikomo cha kukopa, ziliundwa kampuni za jina tu ambazo ndizo zilizokopa, na jumla ya dola bilioni 1.44 zikapatikana. Sehemu kubwa ya mkopo huo ilikuwa ya riba inayopanda na kushuka kulingana na soko, hivyo jiji likaingia na benki katika mkataba wa kubadilishana riba, ambamo lilikubali kulipa riba isiyobadilika ya takriban asilimia 6 na benki zikalilipa riba ya soko. Mpango huo ulimkinga mkopaji dhidi ya kupanda kwa riba tu. Riba ziliposhuka ghafla katika msukosuko wa fedha wa 2008, Detroit ilijikuta ikidaiwa karibu dola milioni 50 kila mwaka, na mwaka 2009 ililazimika kuweka rehani kodi ya kumbi zake tatu za kamari, mojawapo ya mapato yake machache ya kutegemewa. Wakati huohuo nyumba zilikuwa zikitwaliwa na benki kwa maelfu, na jimbo likizidi kupunguza mgawo wake kwa miji.

Mwezi Machi 2013 gavana Rick Snyder alimteua wakili Kevyn Orr kuwa msimamizi wa dharura, yaani ofisa mwenye madaraka ya meya na baraza kwa pamoja bila kuchaguliwa na mtu. Wapiga kura wa Michigan walikuwa wameikataa sheria ya wasimamizi hao mwezi Novemba 2012, na wabunge wa jimbo wakapitisha nyingine ya aina hiyo kabla mwaka haujaisha. Orr aliikuta serikali yenye wafanyakazi wasiofika 10,000 na wastaafu karibu 21,000, taa za barabarani zipatazo asilimia 40 zikiwa hazifanyi kazi, na majengo yaliyotelekezwa yapatayo 78,000. Wastaafu wa kawaida walikuwa wakipokea wastani wa takriban dola 19,000 kwa mwaka, na askari na wazima moto wengi hawakuwa na pensheni ya taifa ya kuwasaidia.

Wadai walipotaka mali ya kuuzwa, macho yaligeukia makumbusho ya sanaa ya Detroit, ambayo jiji liliyamiliki tangu 1919. Wathamini wa kampuni ya mnada ya Christie's walikadiria kazi zilizonunuliwa kwa fedha za jiji kuwa na thamani ya kati ya dola milioni 454 na 867. Jaji Gerald Rosen, aliyekuwa msuluhishi, aliyashawishi mashirika ya hisani, jimbo na makumbusho yenyewe kuchanga jumla ya dola milioni 816 kwa miaka 20, ili sanaa ikabidhiwe shirika huru na fedha ziende kwenye pensheni. Kwa mapatano hayo pensheni za wafanyakazi wa kawaida zilipunguzwa kwa asilimia 4.5 na kuondolewa nyongeza ya kila mwaka, ilhali bima ya afya ya wastaafu, ahadi iliyokadiriwa kugharimu zaidi ya dola bilioni 4, ilifutwa karibu yote. Jambo hili la pili halisimuliwi sana pale mapatano hayo yanaposifiwa. Jaji Steven Rhodes, aliyesikiliza kesi yenyewe, aliuidhinisha mpango huo wa madeni tarehe 7 Novemba 2014, na takriban dola bilioni 7 za madeni zikaondolewa.

Katika kesi yote hiyo mipaka haikuguswa, kwa kuwa Sura ya 9 haimpi jaji madaraka ya kuisogeza. Gharama zilivuka mipaka hiyo kwa vitu viwili tu, ambavyo viunga vyenyewe vilivihitaji. Kaunti tatu za eneo hilo zilikuwa zimekubali kwa kura mwaka 2012 kuchangia makumbusho kwa kodi, na mfumo wa maji ulioyahudumia mamilioni ya watu nje ya jiji ulikodishwa kwa mamlaka ya pamoja iliyoanza kazi mwaka 2016, kwa dola milioni 50 kwa mwaka katika muda wa miaka 40. Shule hazikuwa miongoni mwa vitu hivyo. Wilaya ya shule ya Detroit, yenye madeni yake mbali na ya jiji, iligawanywa na jimbo mwaka 2016 kuwa mbili: ile ya zamani ikabaki na kazi ya kukusanya kodi na kulipa madeni, na mpya ikapewa walimu na wanafunzi, ndani ya mipaka ile ile.