Hitilafu za umeme katika pinboli za Bally

Pinboli za elektroniki za Bally ni mashine za mchezo wa mpira wa chuma zilizotengenezwa na kampuni ya Bally ya Chicago, Marekani, kuanzia mwaka 1977. Zilichukua nafasi ya mashine za zamani zilizoendeshwa na relei, na ndani yake mlikuwa na prosesa ya Motorola 6800. Eight Ball ya mwaka 1977 ni miongoni mwa zilizouzwa kwa wingi. Eight Ball zilitengenezwa zaidi ya 20,000. Pinboli nyingi za aina hii bado zinachezwa, na zinapogoma, chanzo mara nyingi huwa katika ugavi wa umeme hata pale dalili zinapoelekeza kwenye kompyuta.

Njia tano za umeme

Transfoma moja hupokea umeme wa ukutani na kuutoa katika vipimo mbalimbali. Umeme huo hupita kwenye bodi ya rektifaya, inayogeuza mkondo geu kuwa mkondo mnyoofu. Katika bodi ya awali, AS-2518-18, kila njia ina fyuzi yake na sehemu yake ya kupimia:

- TP1: volti 5.4, kwa taa zinazoongozwa na kompyuta.
- TP2: volti 230, kwa vioo vya kuonyesha alama.
- TP3: volti 11.9, zinazozaa volti 5 za kompyuta.
- TP4: volti 7.3 za mkondo geu, kwa taa zinazowaka muda wote.
- TP5: volti 43, kwa koili za flipa, bampa na kengele.

Vipimo hivi havijadhibitiwa, hivyo hupanda na kushuka kidogo kufuatana na umeme wa ukutani. Njia ya volti 230 na ile ya volti 11.9 huendelea hadi bodi ya koili, ambako ya kwanza hushushwa hadi volti 190 na ya pili hadi volti 5 kamili.

Kusoma dalili

Kwa kuwa njia zimetengana, dalili humwonyesha fundi pa kuanzia. Taa zote zikizimika huku koili zikifanya kazi, kosa liko kwenye njia za taa. Mchezo ukiendelea kama kawaida lakini alama hazionekani, fundi hupima volti 190. Mashine ikiwa kimya kabisa, huanzia kwenye plagi, swichi na fyuzi ya kuingilia.

Bodi ya kompyuta ina taa ndogo ya LED inayotoa taarifa. Mashine inapowashwa, taa hiyo humetameta mara moja kwa haraka, kisha huwaka na kuzimika mara saba bodi inapojikagua hatua kwa hatua. Ikikoma baada ya mara sita, wengi huilaumu kompyuta na kuanza kubadilisha chipu. Ukweli ni kwamba mwako wa saba hungoja volti 43 za koili. Umeme huo hauchujwi kwa kapasita, kwa hiyo hushuka hadi sifuri mara 120 kwa sekunde palipo na umeme wa hezi 60, au mara 100 palipo na hezi 50, na kompyuta huutumia mshuko huo kupanga kazi zake. Fyuzi ya koili ikiungua, mshuko haupo na kompyuta nzima hugoma kuanza. Kupima TP5 huchukua dakika moja. Kubadilisha chipu huharibu siku nzima.

Fyuzi inayoungua tena na tena

Fyuzi haiungui bure. Kuweka yenye ampea nyingi zaidi ni kuhamishia moto kwenye nyaya au transfoma. Utaratibu ni kuzima mashine, kuchomoa plagi zinazotoka kwenye bodi ya rektifaya, kuweka fyuzi ya kipimo sahihi, kisha kuwasha. Ikiungua tena, kinachoshukiwa kwanza ni daraja la diodi lililopiga shoti. Ikihimili, tatizo liko mbele: plagi hurudishwa moja moja, mashine ikizimwa kila mara, hadi mkosaji ajulikane.

Kwenye njia ya volti 43, mkosaji wa kawaida ni transista iliyokufa kwa kupiga shoti. Koili yake huvuta mara tu mashine inapowashwa na haiachii. Hupata joto, waya wake huungua maganda, na fyuzi hufuata. Transista ikibadilishwa bila kupima koili, nayo hufa.

Volti 5, joto na uchakavu

Kompyuta huhitaji volti 5 zilizotulia. Zikipungua chini ya takriban 4.8, mashine hujianzisha upya katikati ya mchezo, hasa flipa zinapopigwa. Kapasita kubwa ya kuchuja kwenye bodi ya koili hukauka kwa umri. Mita ikiwekwa kwenye mkondo geu na kuonyesha zaidi ya sehemu ndogo ya volti kwenye njia hiyo, kapasita imechoka.

Plagi za taa nazo huungua. Taa 40 za namba 44, kila moja ikivuta ampea 0.25, hupitisha ampea 10 kwenye pini chache. Pini zikilegea au kushika kutu, joto huzifanya nyeusi na lehemu hupasuka. Taa za namba 47 huvuta ampea 0.15 kila moja, hivyo mzigo huo hushuka hadi ampea 6. Pini zilizoungua hubadilishwa pande zote mbili, kwani pini mpya ndani ya plagi iliyoungua haidumu.

Usalama

Volti 230 za vioo vya alama huua, na kapasita yake hubaki na chaji baada ya mashine kuzimwa. Fundi huchomoa plagi ukutani, husubiri, kisha hupima kabla ya kugusa. Kabla ya kuwasha mashine iliyotoka nchi nyingine, hukagua pia viunganishi vya transfoma: mashine iliyopangwa kwa volti 115 ikichomekwa penye volti 230 huunguza fyuzi papo hapo, na pale fyuzi ilipowekewa waya, huungua transfoma yenyewe.