Kuandika kwa Mtoto wa Madarasa ya Mwanzo

Kuandika, kwa mtoto aliyetiwa skuli karibuni, ni kazi ya akili kabla ya kuwa kazi ya vidole, ijapokuwa walimu wengi, kwa kuhusudu mwandiko uliokaa sawasawa juu ya mstari, huianzia kwenye vidole. Mwaka 1929 mwanasaikolojia wa Urusi, Alexander Luria, alieleza jinsi watoto wasiojua herufi, walipotakiwa watie alama za kuwakumbusha maneno waliyosikia, walivyoanza kwa mikwaruzo mitupu, hata baadhi yao wakafikia kuchora kitu chenyewe.

Mwaka 1979 Emilia Ferreiro na Ana Teberosky, waliowachunguza watoto wa Argentina wasemao Kihispania, walionyesha kuwa mtoto hupita daraja ambayo kwayo huamini kila silabi yatosheka na herufi moja. Msemaji wa Kiswahili, ambaye silabi za lugha yake aghalabu huishia kwa irabu, hatastaajabu: mtoto aandikaye IAU akikusudia “kitabu” amekwisha kutambua kuwa neno lina vipande vitatu na kila kipande chastahili alama yake, naye mwalimu amtiliaye kosa bila ya kumwuliza ameandika nini humdhulumu. Konsonanti hufuata, na zichelewazo ni zile zilizoandamana, hata “ndege” ikaandikwa dege kwa muda. Na nafasi baina ya maneno, ambayo sikio haliisikii, huchelewa zaidi, ikawa mamaanapikawali ni neno moja. Kuigeuza b kuwa d ni ada ya umri huo, wala si maradhi.

Mkono nao una haki yake. Katika vyuo vya Kurani vya pwani mtoto alizifuatiza herufi juu ya ubao wa mti, ukaoshwa, ukaandikwa tena; na Maria Montessori, aliyefungua nyumba yake ya watoto mjini Rome mwaka 1907, aliwapa herufi za karatasi ya msasa wazipapase, na wengine wakaandika kabla ya kujua kusoma.

Tanzania, kwa mtaala wa mwaka 2015, ilielekeza darasa la kwanza na la pili hasa kwenye Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, yaani KKK; walakini penye watoto wengi chumbani somo hugeuka kunakili yaliyo ubaoni, kwa kuwa kunakili husahihishwa upesi, na sentensi ya kujitungia, ambayo ndiyo ingedhihirisha mtoto amefika wapi, huwekwa kando.