Mwanafunzi wa Ngumi na Siku ya Kuingia Ulingoni

Kila mwalimu afunzaye vijana mchezo wa ngumi hulijua swali hili, kwa maana huulizwa kabla juma la kwanza halijaisha: "Mwalimu, nitapigana lini?" Kijana amekwisha kuruka kamba, amelipiga gunia mpaka vifundo vya vidole vyamwasha, amepigana na kivuli chake ukutani, sasa ataka mtu. Wako wamwambiao kwamba chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Na aingie ulingoni leo, apigwe, ajifunze. Wako na wengine wamwambiao kwamba mwenda pole hajikwai. Methali zote mbili ni za wazee wetu, na zote mbili zina kweli ndani yake. Je, ipi imfaayo kijana huyu? Tukitaka jibu, na turudi nyuma tutazame watu waliotutangulia walifanyaje, na makosa yao waliyalipia kwa thamani gani.

Swali lenyewe ni la kale sana. Wayunani walipigana ngumi katika michezo yao mikuu, mikono yao ikiwa imezungushiwa kanda za ngozi. Mwanafalsafa Plato, aliyefariki mwaka 347 kabla ya Kristo, aliwataja wapiganaji hao katika kitabu chake kiitwacho Sheria, alipotaka kuonyesha jinsi askari wapasavyo kujiandaa kwa vita wakati wa amani. Alisema kwamba mpigana ngumi mwenye akili hangoji siku ya mashindano ndipo ajifunze kupiga na kukinga. Hujizoeza mapema na wenzake, naye katika mazoezi huvaa vifuniko vya mkono badala ya zile kanda. Akikosa mwenzake, hutundika sanamu isiyo na uhai akaipiga. Na akikosa hata hiyo, hupigana na hewa peke yake. Basi, gunia na kivuli tuvionavyo leo katika vyumba vya mazoezi si mambo mapya hata kidogo.

Tuyaache hayo, twende London katika karne ya kumi na nane. Hapo alikuwapo Jack Broughton, mtu aliyekuwa akivusha abiria kwa mashua katika mto Thames, kisha akawa bingwa wa ngumi wa Uingereza. Siku zile watu walipigana mikono mitupu. Mwaka 1741 Broughton alipigana na George Stevenson, mwendesha gari la farasi. Masimulizi ya mchezo huu yasema kwamba Stevenson aliumia vibaya, akafa muda si mrefu baadaye, na kwamba kifo hicho kilimchoma Broughton moyoni. Mwaka 1743 alitoa kanuni zilizokataza kumpiga mtu aliyekwisha kuanguka, na zilizompa aliyeanguka nusu dakika ya kurudi mahali pake.

Mwaka 1747 Broughton alitangaza shule ya ngumi katika mtaa wa Haymarket. Waliotakiwa kuja kujifunza walikuwa mabwana wa daraja la juu, na mabwana hao hawakupenda kurudi nyumbani na macho meusi na pua zinazotoka damu. Kwa hiyo Broughton aliwawekea glavu nene za mazoezi, akaahidi kwamba kila mwanafunzi angetendewa kwa upole kwa kadiri ya nguvu zake. Hapa yafaa tutue kidogo. Glavu haikuletwa kwa ajili ya mashindano, bali ililetwa kwa ajili ya mwanafunzi. Bingwa yule alikuwa amefahamu kwamba anayejifunza si adui wa kushindwa, na kwamba kumfunza mtu ni kazi nyingine na kumpiga ni nyingine.

Baada yake akaja Daniel Mendoza, ambaye uzito wake ulikuwa wapata ratili 160 tu, naye akawashinda watu waliompita kwa kimo na kwa nguvu. Silaha yake ilikuwa miguu myepesi, kukinga na kukwepa. Mwaka 1789 alitoa kitabu cha kufundisha sanaa hiyo. Mwaka 1867 zikatangazwa kanuni zijulikanazo kwa jina la Queensberry: glavu zivaliwe, raundi iwe ya dakika 3 na mapumziko dakika 1, na aliyeanguka apewe sekunde 10. Watu wakafurahi, wakasema mchezo umestaarabika.

Lakini katika furaha hiyo palikuwa na mtego. Glavu huulinda mkono wa apigaye, tena hupunguza majeraha ya uso. Ubongo hauwezi kuulinda. Ubongo umo ndani ya fuvu, na kichwa kikitikiswa, nao hutikisika. Mwaka 1928 daktari mmoja wa Marekani, Harrison Martland, aliandika habari za wapigana ngumi waliokuwa wakiyumba na kusema kwa shida kama walevi, ingawa hawakunywa pombe. Msomaji aangalie sana ni nani aliowataja daktari huyo. Walikuwa wale wasio na ustadi, wapokeao mapigo mengi ili wapate kutoa moja. Na pia wapiganaji wa daraja la pili walioajiriwa kuwazoeza mabingwa, ambao waliweza kuangushwa mara kadhaa kwa siku moja. Basi hatari haikai katika mashindano tu. Yamo pia katika mazoezi, mahali pasipo watazamaji wala mwamuzi.

Mtu aweza kubisha akisema, "Je, Muhammad Ali?" Ni kweli: mwaka 1954, akiwa mtoto wa miaka 12, aliibiwa baiskeli mjini Louisville, akaapa kumpiga mwizi. Askari aitwaye Joe Martin akamshauri ajifunze kwanza kupigana. Baada ya majuma sita tu alishinda pambano lake la kwanza. Lakini haikupasa mfano wa mmoja katika mamilioni kuwa kipimo cha darasa zima. Tena Ali mwenyewe, alipokuwa mtu mzima, aliwaacha wenzake wa mazoezi wampige sana apate kujizoeza kuvumilia. Na mwaka 1984 alionekana kuwa na ugonjwa wa Parkinson. Wengi huamini kwamba mapigo ya miaka mingi yalichangia.

Sisi Wakenya tunayo mifano yetu. Philip Waruinge alipata medali ya shaba tu huko Mexico mwaka 1968, lakini ni yeye aliyepewa Kombe la Val Barker, lililotolewa kwa bondia aliyewapita wote kwa ustadi. Na mwaka 1972 akapata fedha huko Munich. Robert Wangila alituletea dhahabu kutoka Seoul mwaka 1988. Mwaka 1994, akiwa na miaka 26, alifariki mjini Las Vegas kwa majeraha ya ulingoni. Tukiwakumbuka wawili hao pamoja, tutauheshimu mchezo huu bila kuudharau wala kuufanyia mzaha.

Sasa tumjibu kijana wetu. Siku yake haihesabiwi kwa kalenda. Wengine huwa tayari kwa miezi miwili, wengine kwa sita. Na atazamwe kwanza. Je, asimama imara bila kupishanisha miguu? Je, mikono yake hurudi usoni baada ya kupiga? Je, akirushiwa ngumi hufumba macho, au huitazama mpaka imepita? Je, akiguswa hukasirika? Akiisha kuyashinda hayo, na aanze na mwenzake mzoefu, mwenye moyo wa kufundisha, watumie mkono wa kushoto pekee, kwa raundi chache na kwa nguvu ndogo. Avae kinga ya meno na glavu nene, na mwalimu asiondoke karibu. Kichwa kikimuuma au akiona kizunguzungu, aache mara moja, apelekwe kwa daktari.

Naye mwalimu akumbuke kwamba kijana huyo atakihitaji kichwa chake kwa miaka mingi baada ya kuzivua glavu. Broughton alilijua hilo baada ya mtu kufa. Sisi tumekwisha kuambiwa.