Nyufa Zilizoizunguka Nchi ya Dhahabu

Leo hatutazungumza habari za watemi wala za vita. Tutaeleza historia ya ardhi yenyewe: jinsi Bonde la Ufa lilivyofanyika, na kwa nini liliizunguka nchi ya Shinyanga na Geita.

Kwanza, tazameni mbuga zetu wakati wa kiangazi. Udongo mweusi ukikauka hupasuka. Ufa mmoja huanza hapa, mwingine kule. Kila ufa hurefuka, na ncha yake ikikaribia ufa mwingine, hupinda na kuungana nao. Mwishowe twaona ufa mmoja mrefu, kumbe ulianza kwa nyufa fupi nyingi.

Bonde la Ufa nalo lilifanyika kwa njia iliyo karibu na hiyo, ila sababu yake si jua. Bara la Afrika lavutwa pande mbili, mashariki na magharibi, milimeta chache tu kila mwaka. Ardhi ikivutwa hupasuka, na upande mmoja wa ufa hushuka. Nyufa mbili zikikaribiana, ardhi iliyo katikati huinama na kuwa mteremko. Baadaye mteremko huo nao hukatika, na nyufa mbili huwa ufa mmoja. Hivyo mabonde madogo huungana yakawa bonde kubwa. Hata leo Ziwa Tanganyika laonyesha vipande vyake: mahali pamoja ufa mkuu uko upande wa mashariki, mahali pengine uko magharibi.

Je, kwa nini nyufa hizo hazikupita katikati ya nchi yetu? Miamba ya hapa ni ya kale sana, ina zaidi ya miaka milioni 2,500. Chini yake pana mzizi mnene, mgumu, usio na joto jingi. Nyufa zilifuata kandokando, kama mto unavyozunguka jabali. Mkono wa magharibi una Ziwa Tanganyika na Rukwa. Mkono wa mashariki una Natron, Manyara na Eyasi. Dhahabu ya Geita imo katika miamba hiyo ya kale. Almasi nazo hufanyika chini kabisa, katika mizizi ya namna hiyo. Ndizo alizozigundua John Williamson huko Mwadui mwaka 1940.

Lakini tusilale. Kutoka Ziwa Eyasi, bonde laendelea kusini-magharibi hadi mbuga za Wembere, si mbali na Shinyanga. Tena, ufa mrefu waweza kuleta tetemeko kubwa kuliko ufa mfupi. Kwa hiyo nyufa zikiungana, hatari huzidi. Tarehe 13 Desemba 1910 nchi ya Rukwa ilitikiswa kwa nguvu ya 7.4. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la 5.9 liliwapata jirani zetu wa Bukoba. Watu walikufa na nyumba nyingi zilibomoka. Hatuwezi kulizuia tetemeko, bali twaweza kujenga vyema. Ukuta uliofungwa imara kwenye pembe, na kuzungushiwa mkanda wa zege, hustahimili zaidi.

Maswali ya darasani:
1. Nyufa mbili huunganaje?
2. Nyumba yako imefungwa namna gani kwenye pembe zake?