Afya Iliyohamia Vijijini

Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, hospitali kubwa zilikuwa mijini, huku wananchi wengi wakiwa wakulima wa vijijini. Azimio la Arusha la 1967, lililotangaza siasa ya ujamaa na kujitegemea, likaipa serikali sababu ya kupeleka fedha kwenye zahanati na mafunzo ya waganga wasaidizi, badala ya kuongeza vitanda mijini.

Lakini zahanati peke yake haimalizi kichocho. Ndiyo maana kampeni ya Mtu ni Afya ya 1973 inastahili kukumbukwa kuliko jengo lolote la wakati huo. Watu wapatao milioni 2 walikaa kwenye vikundi kuzunguka redio. Walisikiliza kipindi, kiongozi akasoma kijitabu, wakajadili malaria, safura, kuhara damu, kichocho na kifua kikuu. Kisha wakashika majembe: wakachimba vyoo, wakafyeka vichaka karibu na nyumba, wakafukia madimbwi. Mkulima hakungoja daktari ndipo aanze kujikinga. Mkutano wa Alma-Ata wa Septemba 1978 ulipotangaza huduma ya afya ya msingi kuwa njia ya dunia nzima, vijiji hivi vilikuwa vimeshaanza.

Kipindi hicho kilikuwa na machungu yake pia. Operesheni Vijiji, iliyowakusanya wakulima katika vijiji vya pamoja, iliwasogeza watu karibu na shule na zahanati, lakini wengi walihamishwa kwa nguvu, na hilo halifai kufichwa.

Vita vya Kagera dhidi ya Uganda na mdororo wa uchumi viliacha rafu za dawa tupu. Mwaka 1993 hospitali za serikali zikaanza kutoza ada, ikaitwa kuchangia gharama. Msamaha kwa maskini uliandikwa, ila mjane asiye na shilingi alitakiwa kwanza athibitishe umaskini wake mbele ya ofisi. Hapo pengo la kupata huduma lilirudi.

Wilaya za Rufiji na Morogoro zikaonyesha njia nyingine. Kuanzia 1997, halmashauri zilitumia takwimu za vifo vilivyotokea majumbani kupanga bajeti, zikaelekeza fedha kwenye malaria na magonjwa ya watoto. Nyongeza ilikuwa takriban dola 1 kwa kila mkazi kwa mwaka. Kufikia 2003, vifo vya watoto huko vilikuwa vimepungua kwa zaidi ya asilimia 40.

Mwaka 2007 ukaja Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi (MMAM): zahanati kila kijiji, kituo cha afya kila kata. Kuta zilijengwa haraka kuliko waganga walivyoajiriwa, na kazi ya nyumba kwa nyumba ilibebwa kwa miaka mingi na wahudumu wa jamii waliojitolea bila mshahara.